Kitabu Umelipa, Lakini Funguo Ziko Kwa Nani?



Wiki mbili sasa mu grupe yetu watu wanagombana juu ya dola 420. Ni pesa ya maktaba ya chama, ile tulichanga kidogo kidogo tangu mwezi wa pili. Wamoja wanasema tununue Kindle tatu, mambo imeisha. Wengine wanajibu: kila muntu iko na simu, kifaa kingine cha nini? Kisha yaya mmoja (atajijua) akaandika: "Muulize ule muntu wa udongo, yeye njo alishaka kuungua." Ni kweli, niliungua. Basi nimeombwa kutoa wazo langu mbele ya mkutano wa Jumamosi. Mimi ni muagronomu, si fundi wa mashine. Lakini namna agronomu anavyochimba shimo kuona tabaka za udongo mbele ya kusema panda hiki, mimi pia nimechimba kidogo mu historia ya hivi vitabu vya kielektroniki. Someni mpaka chini, kisha mnipige.

Nianze na namna niliungua.

Mwaka 2021 nilikuwa naandika memwari ya lisanse. Mada ilikuwa chokaa na asidi ya udongo kwa mahindi, mu mashamba ya pembeni ya Lubumbashi. Vitabu vya maktaba vilikuwa vya zamani, na kurasa zilizong'olewa zilikuwa daima zile zenye jedwali. Binamu yangu anayeishi Bruxelles akakubali nitumie kadi yake ya banki. Nikafungua konti mu duka moja la vitabu la intaneti, nikalipa vitabu viwili vya udongo, dola 41. Mwanafunzi anajua dola 41 ni nini. Nilivisoma usiku mu programu ya lile duka, mu simu, nikiweka rangi chini ya mistari na kuandika maelezo yangu pembeni. Wiki tatu mbele ya kutetea, programu ikaniambia konti imefungwa: kadi ni ya inchi moja, msomaji yuko mu inchi ingine. Nikaandika barua tatu. Likaja jibu moja, lenye adabu sana, la mashine. Vitabu vikaenda, na maelezo yangu yakaenda navyo. Duka silitaji jina, maana kama mtakavyoona, si habari ya duka moja.

Siku ile nilijiuliza: nilinunua nini kweli?

Hapa kwetu Lubumbashi tuko na maneno mawili mazuri. Kuuza ni kutoa pesa na kuchukua kitu. Mwenye kutoa kitu na kuchukua pesa, yeye anauzisha. (Mu maandiko haya nitaandika "kununua", ili ndugu wa Bukavu na Goma wasichanganyikiwe.) Sasa lile duka halikuuzisha kitu, na mimi sikuuza kitu. Lilinipangisha. Nililipa garanti kama kila mupangaji, nikaweka vyombo ndani, lakini mwenye nyumba alibaki na funguo ya pili, na siku moja nikakuta kufuli mpya ku mlango.

Mwanzoni haikuwa hivi kabisa.

Tarehe 4 Julai 1971, kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Illinois ku Marekani, Michael Hart, alipewa saa za bure ku kompyuta kubwa ya chuo. Wakati ule saa za kompyuta zilikuwa ghali, na yeye hakujua afanye nini na utajiri huo. Akachukua Tangazo la Uhuru wa Marekani, akalipiga herufi kwa herufi, akaliweka pale ili kila mtu mwenye njia alichukue. Njo mwanzo wa Project Gutenberg. Hart alikufa mwaka 2011. Leo mkusanyo ule umepita vitabu 70 000, vyote vya bure, vyote visivyo na kufuli. Kitu ninachotaka mukamate hapa si ubure. Ni kwamba aliandika maandishi matupu, yasiyo na mapambo, ambayo mashine yoyote inaweza kufungua. Miaka zaidi ya 50 imepita, mashine ile imekuwa chuma cha kuokota, na maandishi yangali yanafunguka mu simu yako ya dola 60.

Biashara ilikuja nyuma. Mwaka 1998 vikatoka ku Marekani vifaa viwili vya kusomea, Rocket eBook na SoftBook. Skrini zake zilikuwa kama za kompyuta, zinakula betri na kuumiza macho. Kampuni moja, Gemstar, ilivinunua vyote viwili mwaka 2000, na kufika 2003 ikaacha kabisa. Watu walilipa vitabu mu aina ya faili isiyosomeka pengine popote. Kifaa kikifa, kitabu kinakufa. Mwaka ule ule wa 1998 Marekani ilipitisha sheria inayokataza kuvunja kufuli ya kitabu cha kielektroniki, hata kama kitabu umekilipia wewe mwenyewe. Na haikuwa sheria ya kutisha watoto: mwezi wa saba 2001 mtaalamu wa Urusi, Dmitry Sklyarov, alikamatwa Las Vegas kisha kueleza mu mkutano udhaifu wa kufuli za vitabu vya Adobe. Kesi yake iliachwa, na mwisho wa 2002 kampuni yake ikashinda mbele ya mahakama. Lakini ujumbe ulifika.

Sasa kuna sehemu moja ya historia hii inanifurahisha kama muntu wa udongo, mniruhusu nikae hapo kidogo. Mwaka 1997 watu wa maabara ya MIT walianzisha kampuni inayoitwa E Ink. Skrini yao haina taa nyuma. Ndani yake kuna vifuko vidogo sana, upana wake karibu na unywele, vimejaa maji ya mafuta, na ndani ya kila kifuko chembe nyeupe na chembe nyeusi. Chembe za rangi moja ziko na chaji chanya, zile zingine chaji hasi. Ukipitisha umeme kidogo, nyeusi zinapanda juu na nyeupe zinashuka, ama kinyume. Mnakumbuka kozi ya udongo, kolloidi za mfinyanzi zinavyokamata kalsiamu na magnesiamu kwa chaji? Ni ndugu wa kitu kile. Na chembe zikishafika juu, zinabaki pale zenyewe. Umeme unatumika tu wakati wa kugeuza ukurasa. Njo maana kifaa cha aina hii kinakaa wiki nyingi bila kuchajiwa, na kinasomeka mu jua la saa sita katikati ya shamba, pahali simu inakuwa kioo cha kujitazama sura. Kwa sisi wa delestaji, hiyo si starehe. Kifaa kama hicho Wafaransa wanaita "liseuse". Mimi nitakiita kisomeo.

Kisomeo cha kwanza cha E Ink kuuzwa madukani kilikuwa Librié ya Sony, ku Japani, mwaka 2004. Skrini nzuri kabisa. Lakini vitabu vyake vilikuwa vinajifunga kisha siku 60. Unalipa, unasoma, miezi miwili inapita, kitabu kinakataa kufunguka. Wajapani hawakukipenda, na nawaelewa. Hata hivyo nawapa Sony heshima moja: angalau walisema ukweli mbele. Upangaji wenye tarehe.

Mwaka 2007 ukaleta njia mbili, na mpaka leo tunasimama pale zinapoachana.

Mwezi wa kenda, chama cha wachapishaji na mafundi kikatoa EPUB, aina ya faili iliyo wazi kwa wote. Ukiifungua ndani ni kama kurasa za intaneti zimefungwa mu kifurushi kimoja: maandishi yanajipanga kufuatana na ukubwa wa skrini, na kampuni yoyote inaweza kutengeneza programu ya kuisoma. Miezi miwili kisha, tarehe 19 Novemba, Amazon ikatoa Kindle ya kwanza kwa dola 399. Iliisha kwa masaa matano na nusu. Amazon haikuchukua EPUB. Tangu 2005 ilikuwa imeshanunua kampuni ya Kifaransa, Mobipocket, ikajenga juu ya aina yake ya faili. Akili yao kubwa haikuwa skrini, maana skrini ilikuwa ya E Ink kama ile ya Sony. Waliingiza duka ndani ya kifaa. Hakuna waya, hakuna kompyuta, mtandao wa simu umo ndani na haulipiwi: unakaa ku kitanda, unabonyeza, kitabu kinafika. Ni vizuri sana, siwezi kudanganya. Lakini njia inayoingiza kitabu inaweza pia kukitoa.

Ilionekana mwezi wa saba 2009. Muuzaji mmoja alikuwa ameweka mu duka la Kindle vitabu viwili vya George Orwell bila kuwa na haki navyo. Amazon ilipojua, ikavifuta mu vifaa vya watu waliokwisha kulipa, bila kuwauliza, na ikawarudishia pesa. Kimoja kati ya vile viwili kilikuwa 1984, kitabu ambacho ndani yake serikali inatupa maandishi mu tundu ili yasahaulike. Mtu angetunga hadithi hiyo ungemwambia amezidisha. Mwanafunzi mmoja wa sekondari ku Michigan alipoteza maelezo yake ya kazi ya likizo, maana yalibaki yakionyesha kurasa zisizokuwapo tena. Alishitaki, Amazon ikakubali kulipa dola 150 000 kumaliza kesi, na mkubwa wake Jeff Bezos akaomba radhi hadharani. Niliposoma habari ya ule mwanafunzi nilicheka peke yangu, cheko la muntu mwenye kidonda kama kile.

Musifikiri ni Amazon peke yake. Sony, mwaka 2014, ilifunga duka lake la vitabu ku Marekani na Kanada na kuhamisha wateja kwa Kobo. Microsoft ilifunga lake mwaka 2019: mwezi wa saba vitabu vyote vikaacha kufunguka, hata vile vya bure. Ilirudisha pesa yote, na dola 25 juu kwa wenye kuwa wameandika maelezo ndani. Microsoft! Kampuni isiyokosa pesa wala umeme. Waliamua tu kwamba biashara ile haiwapendezi tena. Na tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua kitabu chako ku kompyuta na kukipeleka mu Kindle kwa waya, njia ambayo wengi walikuwa wanatumia kuweka akiba. Mwanzoni mwa mwaka ule ule, sheria mpya ya California ilianza kulazimisha maduka kusema wazi mbele ya malipo kwamba mteja anapata ruhusa ya kutumia, si mali. Ile niliyojifunza kwa dola 41, sasa inaandikwa chini ya kitufe.

Upande wa pili wa njia kuna Kobo, iliyozaliwa Toronto mwaka 2009, kisha ikanunuliwa na Rakuten ya Japani. Kuna PocketBook, iliyoanzia Ukraine. Hivi vinasoma EPUB tangu mwanzo, na PDF, na unaweza kuingiza faili kwa waya kama unavyoingiza nyimbo mu simu. Visomeo vipya vya Kobo vya 2024 vilitoka na mpango wa kutengenezeka: vipuri na maelezo ya ukarabati viko kwa iFixit. Hilo kwangu ni kubwa kuliko rangi ya skrini, maana kifaa kikivunjika Lubumbashi hakirudishwi kiwandani, kinaenda kwa kijana wa bisibisi pale mu soko. Lakini tusijidanganye: duka la Kobo nalo linauza vitabu vingi vyenye kufuli. EPUB ni mlango. Kufuli ni kitu kingine, na inaweza kufungwa ku mlango wowote. Kindle nayo, kwa haki, tangu 2022 inapokea EPUB ukiituma kupitia huduma yao. Tofauti ni kwamba inapita kwao kwanza.

Kwa sisi wasomaji wa Kifaransa kuna jambo moja zaidi. Ufaransa ilipitisha tarehe 26 Mei 2011 sheria ya bei ya kitabu cha kielektroniki: mchapishaji ndiye anaweka bei, na maduka yote yanaifuata kwa wanunuzi wa kule. Kwa hiyo binamu yako wa Paris anayekutafutia duka la bei chini anapoteza muda. Akutafutie kitu kingine: wachapishaji wengi wa Kifaransa waliacha kufuli ngumu, wanaweka alama tu ndani ya faili, inayosema fulani njo alinunua. Wanaita "tatouage", chale. Faili inabaki yako, unaiweka mu diski, mu simu, mu kisomeo chochote. Usiitupe tu mu grupe, maana jina lako limo.

Hapo najua kuna mtu anacheka: "Yaya, sisi yote tunapata bure mu Telegram." Ndiyo, najua, na mimi nilishaka kuchukua kule, sitacheza mchungaji hapa. Ila nitasema vitu viwili. Kitabu cha Raemaekers, Agriculture en Afrique tropicale, cha 2001, zaidi ya kurasa 1600, kila mtu wa fakulte anajua uzito wake. Skani niliyopata mu Telegram ilikosa kurasa katikati ya sura ya mahindi, na aliyeiskani hakuandika popote kwamba zinakosa. Ukiweka mbolea kufuatana na jedwali lililokatwa, mahindi hayatakusamehe. La pili linauma zaidi: siku mmoja wetu ataandika kitabu cha kilimo cha Katanga, tutamfanyia vilevile?

Kuna pia somo la Gana. Mwaka 2010 shirika la Worldreader lilianza kupeleka Kindle mu shule kule. Watoto walisoma, walifurahi, na skrini zikavunjika kwa wingi, maana kioo cha E Ink ni chembamba na mtoto anakaa juu ya mfuko wake. Walilazimika kutafuta vifaa na mifuko migumu zaidi, kisha wakapeleka nguvu nyingi upande wa simu ambazo watu walikuwa nazo tayari. Wenye kusema "simu inatosha" mu grupe hawana kosa kubwa, basi. Kwa riwaya, kwa maandishi yanayojipanga yenyewe, simu inatosha kweli.

Ila angalieni tunasoma nini sisi. Asilimia kubwa ya vitabu tunavyohitaji ni PDF za ukurasa wa A4: miongozo ya FAO, ripoti za utafiti, ramani za udongo, jedwali zenye safu kumi na mbili. PDF haijipangi. Mu simu unasukuma kushoto, unasukuma kulia, ukifika mwisho wa mstari umeshasahau mwanzo. Mu kisomeo cha inchi 6 ni vilevile, tena polepole zaidi. Njo maana zile Kindle tatu ndogo nazikataa. Si juu ya jina Kindle. Ningekataa Kobo tatu ndogo vilevile.

Pendekezo langu ni hili. Tununue kisomeo kimoja kikubwa, cha inchi 10, hata kama kimetumika, chenye kupokea EPUB na PDF kwa waya bila kuomba ruhusa kwa mtu, pamoja na kifuko kigumu. Kiwe cha chama, kikae kwa mwenye kutunza maktaba, kiende shambani kwa zamu na sahihi mu daftari. Pesa itakayobaki iende ku diski mbili, moja hapa, moja Likasi, zenye nakala sawa. Programu ya kupanga faili ni Calibre, ya bure, iko tangu 2006.

Vitabu tuanze na vile visivyo na kufuli. FAO inaweka machapisho yake wazi. Mpango wake wa AGORA, ulioanza 2003, unafungulia vyuo vya inchi maskini majarida ya kilimo ambayo vingenevyo ni ya bei kali. Unapita kwa chuo, si kwa mtu binafsi, kwa hiyo wenye kuwa maasistan kati yenu, tafadhali muulize maktaba zenu kama zimejiandikisha. Gallica ya maktaba ya taifa ya Ufaransa iko tangu 1997, na kuna vitabu vya zamani vya kilimo cha inchi za joto ndani yake. Kitabu cha kulipia, tukiulizie mbele: faili inashuka mu diski yetu, ama inabaki kwao? Ikibaki kwao, tulipe kama kodi ya mwezi, si kama bei ya nyumba. Na konti iwe ya mtu mwenye kadi yake mwenyewe, mu inchi yake mwenyewe. Binamu tuwaache na amani.

Mama Vice-Presida ameuliza nani atakileta. Kuna mdogo wetu anapita Kasumbalesa kila mwisho wa mwezi kwenda Ndola. Amekubali, akilipwa usafiri wa upande mmoja. Kisha Jumamosi tutapiga kura.

Mimi maelezo yangu ya memwari niliyaandika upya kwa mkono, siku kumi na moja, mu kaye ya kurasa 96, nikisomea fotokopi ya jirani. Nilitetea. Ile kaye ningali nayo, na jalada lake limekula maji ya mvua kidogo. Ukurasa wa kwanza unasema: kipande cha tatu, sentimeta 20, pH 4,8.